Jeep ya Kipese Haipandi

Jumatatu, 4 Septemba

Daftari hili nimenunuliwa na mke wangu, Kahongya, ili niache kuandika kazi za wateja kwa chaki kwenye ukuta wa karakana. Kazi za wateja zote ziko kichwani mwangu, kwa hiyo daftari nitaliwekea mambo ya maana. Jina langu ni Stanislas, fundi wa magari hapa Mususa, Butembo, mwaka wa ishirini na sita sasa. Wako mafundi katika mji huu wanaofungua moteri nzima ili watafute ugonjwa. Mimi natega sikio. Sijisifu, ulizeni watu.

Leo mvua ya kwanza imenyesha na vumbi la kiangazi limelala. Lilikuwa vumbi baya mwaka huu, lakini siwezi kulilaumu, maana ndilo lililokipa sifa kitambaa changu. Watu wanakiita kitambaa cha Stani. Nachukua singleti kuukuu ya pamba, naikata, naichovya katika mafuta safi ya moteri, naikamua, kisha naitandika katika sanduku la filta ya hewa, upande wa ndani. Vumbi likipenya karatasi ya filta linanasa kwenye mafuta. Hakuna aliyenifundisha. Sasa hata magari ya mji wa Beni yanacho.

Jeep ya Kipese inacho tangu Juni, na leo ndiyo iliyonijia. Ni jeep ya kituo cha afya cha Waprotestanti, inayoleta wagonjwa na akina mama wa kujifungua kutoka kule milimani hadi hospitali ya mjini. Dereva wake, Gracien, ni mtu mrefu, mpole, anayeongea kana kwamba anaomba ruhusa.

“Papa Stani, motokari inakosa force,” aliniambia. “Mu barabara ya sawa iko muzuri. Mais tukifika ku mulima, inakufa. Nakanyaga mpaka chini, hapana kitu.”

Nilitega sikio. Moteri ilikuwa inaimba. Nikaizungusha mitaa mitatu ya Mususa, ikaenda vizuri kabisa. Nikachomeka skana, ile mashine ndogo inayosoma makosa yaliyoandikwa katika ubongo wa gari. Hakukuwa na kosa hata moja. Nikabadilisha filta ya mazutu, yaani dizeli, nikakipaka kitambaa mafuta mapya, bure, nikamwambia aende salama.

Jumanne, 5 Septemba

Wateja wanne. Mvua. Kahongya ameuliza kama naandika. Nimemwonyesha jalada tu.

Jumatatu, 11 Septemba

Gracien tena.

“Iko vile vile, Papa. Jana nilibeba bagonjwa batatu. Ku ule mulima wa mutoni, vitesi ya kwanza, bamama ba miguu banatupita na mizigo ku mugongo.”

Mlima huo unaomlazimisha kushika gia ya kwanza naujua kwa jina. Njia ya Kipese inashuka hadi mtoni kisha inapanda, na kwa kuwa mto uko bondeni, ukienda au ukirudi lazima upande. Nikamwambia kule juu hewa ni nyepesi, kila gari linahema. Akatikisa kichwa.

“Mwaka yote ilikuwa inapanda. Papa, ikala mbele karibu na miye, tupande siye wawili, ujionee.”

“Daktari haendi kuugua pamoja na mgonjwa,” nikamjibu, na wateja wengine wakacheka.

Nikafungua kifuniko cha tangi nikanusa. Nikaona kama kuna harufu ya mafuta ya taa. Nilimwuliza anajaza wapi, akasema hapa mjini, pahali pale pale siku zote, na aliposema hivyo aliangalia chini. Mtu anayeangalia chini ana neno. Nilikagua hiki na kile, nikapaka kitambaa mafuta tena, nikafunga.

Alhamisi, 14 Septemba

Mvua kutwa. Nimelala mchana kama padri.

Jumatatu, 18 Septemba

Nimepata mgeni wa heshima, Pasta Ananie wa Kipese, mwenyekiti wa kamati ya kituo. Mimi ni Mkatoliki, lakini nilimpa kiti kizuri. Alikuja na jambo zito. Kule watu wanasema kwamba Gracien anauza mazutu ya kituo njiani, kisha anajaziliza tangi kwa mafuta ya taa, ndiyo sababu jeep haina nguvu.

“Kamati haiwezi kuhukumu mutu ku maneno ya soko,” Pasta alisema. “Tunataka neno ya fundi. Ku karatasi.”

Nilifurahi kuulizwa namna hiyo, naandika ukweli. Nilileta karatasi ya karakana yenye jina langu juu, nikaandika kwa Kifaransa kilichonyooka: moteri iko katika hali nzuri, upungufu wa nguvu unatokana na mafuta au na uendeshaji. Nikapiga muhuri. Pasta akasoma mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia.

Kahongya alikuwa anachambua mchicha mlangoni. Mgeni alipoondoka akauliza, “Baba Stani, ulipanda nayo ule mulima?”

“Sina haja.”

“Donc hauoni, na unaandika.”

Mke wangu ana maneno mafupi. Nimemwambia moteri ninayoisikia kwa masikio yangu siihitaji kuiona.

Jumapili, 24 Septemba

Habari za Kipese zimefika hata kwetu, baada ya Misa, kupitia wauza viazi. Pasta alisoma karatasi yangu mbele ya kanisa. Gracien amenyang’anywa ufunguo na kutiwa chini ya nidhamu: hataikaribia Meza ya Bwana, na Jumapili ataketi benchi la nyuma kabisa, wanapokaa walioanguka. Alikuwa anaongoza kwaya ya wanaume. Wanasema alipoambiwa ainuke kwenda nyuma, aliinuka.

Ni jambo la kusikitisha, lakini mwizi ni mwizi. Nimekula sombe ya majani ya muhogo, nimeandika haya, basi.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimefunga vitambaa viwili, lori na teksi. Mvua inanyesha na vumbi hakuna. Wenyewe wameomba.

Jumanne, 10 Oktoba

Dereva mpya wa Kipese anaitwa Paulin, kijana mwenye maneno mengi. Amekuja na jeep.

“Fundi, ule Gracien aliachia hii motokari ulozi? Inakosa force.”

Nilimtazama sana. Nikamwuliza anajaza wapi mazutu. Akasema Pasta mwenyewe anaenda naye, anasimama karibu na pampu, anaangalia, tena anaomba kidogo kabla hawajafungua tangi.

Basi tatizo si mazutu. Nimemwambia hajui kubadilisha vitesi, yeye na Gracien walifundishwa na mwalimu mmoja. Nimepaka kitambaa mafuta. Alipoondoka nilibaki nimesimama na kitambaa cha mikono, nikaona ajabu kwamba watu wawili wasiofanana kwa lolote wamenung’unika maneno yale yale. Sikupenda.

Ijumaa, 13 Oktoba

Paulin amepiga simu kutoka hospitali ya mjini. Jana mvua ilinyesha Kipese asubuhi yote. Mama mmoja, Elsa, alikuwa na uchungu tangu usiku na mtoto amekaa vibaya. Walipofika mlima wa mtoni jeep ilikataa. Ilipanda hatua ishirini, ikasimama, ikaanza kurudi nyuma kwenye matope. Wakawashusha abiria wote ili gari liwe jepesi. Elsa alipanda mlima ule kwa miguu, kwenye mvua, mwanamke huku na mwanamke huku wakimshika mabega, akisimama kila uchungu ulipokuja, hadi juu ilipomngoja jeep tupu.

Wamempasua, yeye na mtoto wako hai. Paulin aliniambia hivyo mwishoni kabisa, kwa sababu ndivyo anavyosimulia, na mimi nilikuwa nimekwisha kukaa chini sakafuni.

Nimemwambia kesho na kesho kutwa asiende popote. Jumatatu naiendesha mwenyewe.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nitaandika yote, hata kama wino utaisha.

Nilitoka asubuhi na mapema na Paulin, tukapakia magunia sita ya saruji ya kituo ili gari liwe na uzito kama siku ya wagonjwa. Skana niliichomeka, nikaiweka mapajani mwa Paulin anisomee namba. Barabara ya sawa, hakuna neno. Tukashuka mtoni, nikashika mlima kwa vitesi ya pili na mwendo mzuri.

Haikufika hata robo. Nilikanyaga mpaka chini, kama Gracien alivyosema. Haikutoa moshi, haikukohoa, haikugonga. Ilikataa tu kwa adabu. Nikaweka ya kwanza, tukatambaa, kisha tukaanza kurudi nyuma na breki zikiteleza. Nilisikia aibu na hofu pamoja. Sikio langu la miaka ishirini na sita halikusikia chochote cha kuniambia.

Mtu alitoka mbio kwenye shamba la viazi lililo kando ya njia, na jembe bado mkononi. Alitia jiwe nyuma ya gurudumu la kulia, akazunguka akatia la kushoto, gari likasimama. Alipoinuka nikaona ni Gracien. Siku hizi analima kibarua pale.

Alinitazama, safari hii usoni kabisa.

“Sasa umesikia?” akauliza.

“Nimesikia.”

Alibaki nyuma anashindilia mawe. Niligundua pale kwamba huyu mtu huangalia chini kwa sababu ni mwenye haya, tangu kuzaliwa kwake, na mimi nilikuwa nimeigeuza haya yake kuwa ushahidi.

Nikamwuliza Paulin namba zilisemaje. Zote zilipanda isipokuwa moja, ya hewa. Nilipokanyaga, hewa iliyohesabiwa ilisogea kidogo ikakwama, nusu ya ile inayotakiwa. Sasa nieleze, kwa atakayesoma: katika bomba, baada ya filta, kuna kipima-hewa, capteur ndogo yenye waya mwembamba kama unywele. Hewa ikipita, waya unapoa, na ubongo wa gari unajua hewa ni kiasi gani, halafu unamimina mazutu kwa kadiri ile. Kipima-hewa kikisema hewa ni kidogo, ubongo unaminya mazutu, na ukanyage utakavyo hutapata nguvu. Tena skana haitaandika kosa, kwa sababu hakijafa. Kinadanganya tu. Ukiwa unazunguka Mususa bila mzigo, uongo ule huuoni, maana gari haliombi kitu.

Nilifungua boneti nikachomoa waya wa umeme wa kipima-hewa. Gari likikosa habari zake kabisa linatumia makadirio lililozaliwa nayo. Taa ya moteri ikawaka. Nikakanyaga. Jeep ikayaacha mawe ya Gracien, ikapanda mlima wote kwa vitesi ya pili, saruji na sisi ndani, na Paulin anapiga kelele za shangwe dirishani.

Nami nilipiga kelele. Kwa muda ule nilikuwa mimi, Stani, fundi wa mji.

Juu kabisa nikasimama, nikatoa kipima-hewa ili nione kimekula nini. Ule waya ulikuwa umevaa koti la utelezi wa mafuta na vumbi, rangi ya udongo. Nikajiuliza mafuta yanatoka wapi mahali pasipo na mafuta. Nikafungua sanduku la filta.

Kitambaa kilikuwa kimelala pale, kinang’aa. Nilikipaka Jumanne iliyopita.

Kila mara jeep ilipolalamika nilikipaka tena. Septemba nne. Septemba kumi na moja. Oktoba kumi. Hewa ilinyonya mafuta yangu tone kwa tone na kuyatupa kwenye waya ule. Gracien alikuja kwangu kutibiwa, nami nilimwongezea ugonjwa, tena bure, tena nikicheka.

Alikuwa anapanda mlima kwa miguu anakuja kuona. Nilikitoa kitambaa nikakitia mfukoni kabla hajafika.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimesafisha waya kwa alcool, spiriti ya duka la dawa. Nimetupa kitambaa cha jeep. Suruali imeharibika, na Kahongya amekwisha kuona doa.

Alhamisi, 19 Oktoba

Jeep ilipanda siku moja, leo imekataa tena. Waya umeunguzwa na uchafu, hauponi. Inatakiwa capteur nyingine. Mjini hapa hakuna inayolingana, nimetafuta.

Jumamosi, 21 Oktoba

Beni. Joto la kule linanivua koti kila mara, na kando ya barabara kakao imeanikwa kwenye maturubai, harufu yake kama pombe iliyolala. Nilikwenda kwa Josaphat, anayeuza vipuri vya moteri zilizovunjwa. Ya kwanza aliyonipa ilifanana kwa umbo lakini namba haikuwa ile, ni ya gari la esansi, si la mazutu. Mwingine angeifunga. Tulipekua mpaka saa saba tukapata yenyewe, waya safi, namba sawa herufi kwa herufi.

Josaphat alikuwa na furaha kuniona.

“Masta, angalia!” Akafungua sanduku la filta la pikapu iliyokuwa uani. Ndani kulikuwa na singleti ya pinki iliyolowa mafuta. “Kitambaa ya Stani! Beni muzima iko nafanya vile. Mais batu baanza kulalamika ati bamotokari banachoka. Miye nawaambia ni mazutu ya siku hizi.”

Nilimwambia atoe vyote. Akauliza kwa nini, nikasema msimu wa mvua umeanza. Nilimdanganya rafiki yangu mchana kweupe, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu magari yaliyosimama kando.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimefunga capteur ya Beni. Nimepanda mlima wa mtoni na saruji, na Paulin, na wanawake wawili tuliowaokota. Vitesi ya tatu! Nilirudi chini nikaupanda tena kwa raha yangu tu.

Jioni nimemwandikia Pasta Ananie karatasi nyingine, fupi: capteur ya hewa iliharibika, imebadilishwa, gari liko salama. Hayo yote ni kweli. Nafikiri yatatosha kumrudisha Gracien.

Jumapili, 29 Oktoba

Pasta amekuja mwenyewe kunishukuru, na kabichi tatu kubwa.

“Wasingya, fundi. Kamati imeelewa sasa. Kumbe ile mazutu muchafu ya Gracien njo iliua capteur. Batu walisema kweli tangu mwanzo.”

Nilifungua mdomo. Nikasema kabichi ni nzuri.

Alhamisi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu. Tumetoka makaburini, miguu imejaa tope. Kahongya hajasema na mimi tangu Jumapili ila mambo ya chumvi na maji. Njiani akasema, bila kugeuka, “Nilifua ile suruali. Ile haikuwa mazutu. Ilikuwa mafuta ya moteri, safi. Miaka makumi mbili nafua mafuta yako, najua.”

Nikamweleza yote, pale pale kati ya njia, watu wakitupita na maua. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Unaogopa nini?”

“Bataacha kuleta magari.”

“Magari bataleta. Wewe unajua kazi, hakuna anayekataa. Mais unapenda kusifiwa kuliko kazi yenyewe.”

Niliudhika sana, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumapili, 5 Novemba

Mkatoliki mmoja amehutubia kanisa la Waprotestanti la Kipese leo, na dari haikuanguka.

Nilimwomba Pasta dakika tano. Nikasimama mbele, nikaona benchi la nyuma, Gracien peke yake kwenye ncha, na magoti marefu. Nilisema karatasi ya kwanza niliiandika bila kupanda mlima. Nilisema mazutu ya Gracien yalikuwa safi, harufu niliyoisikia ilitoka kwenye mikono yangu, iliyokuwa imeosha vipuri kwa mafuta ya taa asubuhi ile. Nilisema kilichoua capteur ni kitambaa changu, nilichokipaka mafuta mara tatu, hata nilipoisafisha kwa alcool haikupona, na kwamba nilipokiona nilikificha mfukoni. Nikamtaja Elsa, nikamwomba radhi ingawa hakuwepo. Sikulia. Nilitaka kulia, lakini nilitaka zaidi wasikie kila neno.

Pasta Ananie uso ulimshuka, maana yeye ndiye aliyesoma ile karatasi. Kisha alimwita Gracien mbele, akampa ufunguo na mkono. Watu wakapiga makofi.

Gracien akanigeukia. “Samahani yako nimekamata,” alisema. “Mais filter, kutoka leo, nitafungula miye mwenyewe.”

“Ni haki yako,” nikasema, na wengine wakacheka, nami nikadhani tumemaliza.

Ndipo mke wa Gracien, Abigaïl, akasimama upande wa wanawake. Sikuwahi kumwona. Ni mdogo wa mwili, anauza maharage sokoni.

“Papa fundi, ile capteur uliisafisha na alcool, haikupona, ukatia ya mupya. Ni muzuri. Miye, juma sita batoto yangu banaitwa batoto ya mwizi wa mazutu. Ku masomo, ku maji, ku soko. Soko yote haiko hapa mu kanisa. Jina yetu utabadilisha na nini?”

Hakukasirika. Aliuliza kweli, akangoja. Nikamwambia, “Sijui, mama.”

Jumatano, 8 Novemba

Nimetoa vitambaa kumi na tisa, nikienda karakana kwa karakana, na nimempigia Josaphat nikamweleza ukweli. Alicheka mpaka simu ikakatika. Fundi mmoja wa jirani, ambaye hatusalimiani, ameita wenzake waje wanisikie nikirudia.

Nilikuwa nakasirika, kisha nikawasikiliza vizuri. Juzi walikuwa wanaongea habari za dereva wa Kipese aliyeiba. Leo hakuna anayemkumbuka, kwa sababu habari yangu ni tamu zaidi. Basi nimejua la kufanya. Kesho kutwa ni soko Kipese.

Ijumaa, 10 Novemba

Gracien alinipandisha. Mlima wa mtoni tuliupita kwa vitesi ya tatu.

Tamar, muuguzi wa kituo, aliniazima kile kipaza sauti cha kampeni za chanjo. Jeep ilisimama kando ya soko, Gracien akabaki kwenye usukani. Mimi nikapanda juu ya kreti ya bia, nikasema kwa Kiswahili na kwa Kinande kwamba mimi ni fundi Stanislas wa Mususa, fundi mkubwa kuliko wote, na nimekuja kuwaonyesha jinsi nilivyoua jeep yao. Waliokuwa wanauza vitunguu wakasogea.

Nilitoa singleti, nikaichovya katika mafuta ya moteri, nikaikamua, nikajifunga machoni. Mafuta yakanitiririka hadi shingoni. “Huyu ni capteur,” nikatangaza. “Anapima na haoni.” Nikaomba maharage na kopo, mama mmoja akanisogezea kikapu, nikaanza kumpimia mteja nisiyemwona. Nilimwaga nusu chini. Nilimpa mtu mwingine. Nilimpimia mbuzi, nadhani, maana soko lote lililia kwa kicheko. Kila nilipomimina kidogo sana nilisema, “Hii ndiyo mazutu niliyompa Gracien apande nayo mlima! Halafu nikaandika kwa Kifaransa kwamba yeye ndiye mwizi!”

Walicheka wakashikana. Mama mwenye kikapu akadai maharage yake, na kwa kweli yalikuwa yamekwisha. Nilibaki nimeinua kopo tupu, gizani, sijui nifanye nini.

Kikapu kingine kikawekwa miguuni pangu, kizito.

“Pima na yangu,” ilisema sauti ya Abigaïl. “Mais ukimwaga, utaokota.”

Nilimwaga, nikaokota, kwa magoti, matopeni, kitambaa bado machoni, huku akinielekeza kwa sauti ili wote wasikie: kushoto, fundi, kushoto, hiyo ni mavi ya mbuzi.

Niliporudi kwenye jeep uso wangu ulikuwa mweusi na watoto walikuwa wananifuata. “Kitambaa! Kitambaa! Pimia siye!” Wanawake walikuwa wanawasimulia wenzao waliochelewa kufika, na kila aliyesimulia aliongeza lake; kabla sijafunga mlango nilisikia kwamba nimeangukia ndani ya gunia. Niliwaacha waseme. Gracien aliwasha moteri, akateremsha kioo, akalipita soko lote polepole, toka mwanzo hadi mwisho, na hakuna mtu hata mmoja aliyegeuka kumtazama yeye.